Picha za Taasisi Yako Zikae Wapi? Ushauri kwa Wenye Tovuti wa Mwanhuzi na Simiyu Nzima

Maonesho ya Nanenane kitaifa yalifanyika Nyakabindi, Bariadi, miaka mitatu mfululizo: 2018, 2019 na 2020. Vikundi vya wasindikaji, vyama vya ushirika, shule na halmashauri zilizopeleka mabanda pale zote zilipiga picha. Kama taasisi yako ilikuwepo, jaribu leo kuzitafuta. Ziko kwenye simu ya nani? Ziliwekwa kwenye tovuti ipi, na tovuti hiyo bado inazifungua? Kama jibu halipatikani mpaka umpigie mtu aliyeacha kazi zamani, basi makala hii ni yako.

Nawaandikia wanaobeba tovuti za taasisi ndogo za Mwanhuzi na miji jirani: mwalimu wa kompyuta aliyepewa tovuti ya shule, katibu wa AMCOS, karani wa hospitali ya misheni, kijana mwenye studio ya picha, msimamizi wa kambi ya wageni upande wa Makao. Ushauri wangu ni kwamba muunganishe mfumo unaoendesha tovuti yenu, uwe WordPress, Drupal au Joomla, na hifadhi ya wingu, ili picha inayopandishwa kupitia dashibodi iende yenyewe huko na msomaji aipate kutoka huko. Fundi anayejua kazi anaimaliza kwa siku moja. Ila kuna mambo mawili yatakayoamua kama kazi hiyo itadumu miaka mitano au itakufa mwakani: akaunti ya wingu imefunguliwa kwa jina la nani, na anwani inayoonekana kwenye kila picha ni ya nani. Hayo nayaweka mbele ya bei na mbele ya jina la kampuni yoyote.

Kwanza tuone kinachotokea picha ikipandishwa. Simu ya kawaida yenye kamera ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yenye uzito wa kama MB 4. Ukiipandisha kwenye WordPress inaingia ndani ya folda ya wp-content/uploads, kisha folda ya mwaka, kisha ya mwezi. Hapo WordPress inaanza kuikatakata: ya upana wa pikseli 150, ya 300, ya 768, ya 1024, ya 1536 na ya 2048. Tangu toleo 5.3 la Novemba 2019, picha inayozidi pikseli 2560 hutengenezewa pia nakala iliyopunguzwa mpaka kipimo hicho, na ile ya asili inabaki palepale. Hesabu: picha moja imekuwa mafaili 8. Siku ya wakulima yenye picha 30 imekuwa mafaili 240, na mengine huongezwa na muundo wa tovuti wenyewe ukitaka vipimo vyake.

Sasa nafasi tunayonunua kwa mwaka kwenye seva za bei nafuu ina kikomo cha GB, na mara nyingi ina kikomo cha idadi ya mafaili pia, jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kikomo kikifika, hata tangazo la maneno matupu halipandi, na anayetazama anadhani tovuti imeharibika. Kuna madhara mengine yanayokuja polepole zaidi. Nakala ya akiba ya tovuti nzima inakuwa nzito kiasi kwamba hakuna anayeishusha kwa bando la simu, hivyo nakala pekee inabaki kwenye seva ileile. Seva ikisimamishwa kwa kutolipiwa, tovuti na picha vinaondoka pamoja.

Hifadhi ya wingu inatenganisha vitu hivyo viwili. Maneno, kurasa na mipangilio vinabaki kwenye seva yako. Picha zinakaa kwenye kile ambacho mafundi wanakiita baketi, nafasi isiyo na kikomo cha idadi ya mafaili, unayolipia kwa kadiri ulivyoitumia. Amazon walifungua huduma yao ya S3 Machi 2006, na lugha ambayo programu huitumia kuzungumza nayo imekuwa desturi ya soko zima. Backblaze B2, Cloudflare R2 na DigitalOcean Spaces zote zinaielewa. Ndiyo maana programu-jalizi moja ya WordPress inaweza kupeleka picha kwa kampuni hii au ile kwa kubadilisha anwani ya huduma na funguo tu. Kwa Drupal kuna moduli ya S3 File System inayofanya kazi hiyohiyo. Faida kubwa ya desturi hii kwetu ni uhuru wa kuhama. Lakini utahama kwa amani endapo tu ulijipanga tangu siku ya kwanza, na hapa ndipo suala la anwani linapoingia.

Ukifungua baketi, kampuni inakupa anwani yao wenyewe, ndefu, yenye jina lao ndani. Fundi mwenye haraka ataiacha hivyohivyo, na picha zitaonekana vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba anwani hiyo sasa imeandikwa ndani ya kila habari uliyochapisha, kila barua pepe uliyotuma yenye picha, na kila tovuti ya mshirika aliyenakili kiungo chako. Siku kampuni ikibadilisha masharti, huna pa kukimbilia. Katikati ya 2017 Photobucket, iliyokuwa imebeba picha za mamilioni ya watu kwa miaka mingi, ilianza kudai karibu dola 400 kwa mwaka kwa anayetaka picha zake zionekane kwenye tovuti nyingine. Kurasa duniani kote zikajaa picha ya tangazo la kudai malipo mahali palipokuwa na picha za watu. Google nao waliwahi kuruhusu folda ya Drive itumike kuonyesha kurasa za tovuti, wakafunga huduma hiyo Agosti 2016, na viungo vyote vilivyotegemea hapo vikafa.

Kwa hiyo usichapishe picha hata moja kabla ya kutengeneza anwani yako. Kama kikoa chako ni kikundichako.or.tz, ongeza picha.kikundichako.or.tz. Ni rekodi moja ya CNAME kwenye mipangilio ya DNS, inayosema kwamba atakayeuliza jina hilo aelekezwe kwenye baketi. Kisha iambie programu-jalizi kwamba anwani ya kutumia ni hiyo. Miaka mitatu baadaye ukiona bei ya kampuni imepanda, unanakili mafaili kwenda kampuni nyingine kwa mpangilio uleule, unabadilisha rekodi ile moja, na hakuna kiungo hata kimoja kinachokatika. Angalia tu masharti ya kila kampuni. Kwa Amazon S3, ukitaka anwani yako ifunguke kwa HTTPS unahitaji kupitia huduma yao nyingine ya kusambaza, CloudFront. Cloudflare R2 inataka DNS ya kikoa chako isimamiwe na Cloudflare wenyewe, jambo linalowezekana kwa vikoa vya .tz kupitia msajili uliyenunua kwake. Fundi akikwambia hatua hii si ya lazima, mwambie ni ya lazima.

Jambo la akaunti ni la kiutumishi zaidi ya kiufundi, na kwetu ndilo linaloua tovuti nyingi. Watumishi wanahamishwa. Mwalimu wa kompyuta wa Meatu leo, muhula ujao yuko Songea. Aliyejitolea mwaka mmoja kwenye shirika anapata ajira Dodoma. Kama akaunti ya wingu ilifunguliwa kwa barua pepe yake binafsi, na uthibitisho wa hatua mbili unakwenda kwenye laini yake ya simu, basi taasisi haina picha. Anazo yeye, hata kama hana nia mbaya. Fungueni barua pepe ya taasisi kwa kikoa chenu wenyewe, na akaunti ya wingu ifunguliwe kwa barua pepe hiyo. Fundi wa tovuti, awe wa Mwanza au wa Dar es Salaam, apewe ruhusa yake mwenyewe ndani ya akaunti, inayoweza kuondolewa kazi ikiisha. Laini ya uthibitisho iwe ya ofisi. Huduma hizi hutoa pia namba za dharura za kuingilia pale simu inapopotea; zichapisheni kwenye karatasi mzifungie kabatini pamoja na vitabu vya risiti.

Nimeona watu wakigawana nywila ya akaunti nzima kwenye kundi la WhatsApp ili "kila mtu aweze kupandisha". Haihitajiki. Wapandishaji wanaingia kwenye dashibodi ya tovuti tu, na tovuti ndiyo inayozungumza na wingu kwa funguo zake. Funguo hizo zina sehemu mbili, kitambulisho na siri. Zitengenezwe kwa ajili ya baketi moja tu, zikiwa na ruhusa ya kuandika, kusoma na kufuta ndani ya baketi hiyo basi. Kwenye WordPress mahali pake ni faili la wp-config.php. Mwenye funguo za akaunti nzima anaweza kufungua mashine za kukodi kwa jina lako na kukuachia ankara ya maelfu ya dola, na wezi wa mtandaoni wana programu zinazozunguka usiku na mchana kutafuta funguo zilizoachwa wazi. Siku ya kwanza kabisa weka pia tahadhari ya matumizi: bili ikivuka dola 5, barua pepe ije.

Tukishagusa bili, tuiangalie. Chukua taasisi yenye GB 50 za picha, ambazo ni nyingi kwa kikundi cha wilaya. Cloudflare R2 hutoa GB 10 bure na hutoza senti 1.5 ya dola kwa GB kwa mwezi kwa zinazozidi, kwa hiyo GB 40 zilizobaki ni senti 60. Backblaze B2 nao hutoa GB 10 bure, na kwa bei yao ya dola 6 kwa TB, iliyoanza 2023, GB 40 zilikuwa kama senti 24. Amazon S3 kwa bei yake ya kawaida ya Marekani ingekuwa dola 1 na senti 15. Kwa mwezi, tofauti hiyo haifiki dola moja. Tofauti ya kweli iko kwenye gharama ya picha kutoka. Amazon hukupa GB 100 za kutoka bure kila mwezi, kisha hutoza karibu senti 9 kwa kila GB, wakati R2 haitozi chochote kwa data inayotoka. Picha yako moja ikisambaa nchi nzima kwa wiki, hapo ndipo utajua ulichagua nini. Kwa taasisi ndogo isiyo na mhasibu wa kufuatilia bili za dola, napendelea huduma isiyotoza data inayotoka. DigitalOcean Spaces nayo inafaa kwa anayetaka bei isiyoyumba: dola 5 kwa mwezi kwa GB 250 za kuhifadhi na TB 1 ya kutoka.

Kulipa ndiko kunakohitaji uangalifu. Kampuni hizi zinataka kadi, na R2 inataka kadi hata kwa anayetumia kiwango cha bure. Kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia M-Pesa inaweza kutumika, au kadi ya benki ya taasisi iliyoruhusiwa kwa malipo ya mtandaoni. Hatari yake ni kadi kuwa tupu siku ya makato. Ankara ya senti 60 ikishindwa mara kadhaa, akaunti husimamishwa na picha zote hupotea kwenye tovuti kwa deni lisilofika shilingi elfu mbili. Weka salio la miezi kadhaa mbele, na andika tarehe ya kadi kuisha muda wake kwenye kalenda ya ofisi.

Kuhusu mahali pa kuweka baketi, watu wengi hufikiri lazima iwe karibu. Amazon wana kituo Cape Town tangu 2020, kizuri, ila bei yake iko juu kidogo kuliko ya Ulaya au Marekani. Kwa picha za tovuti umbali hauumi sana kama mbele ya baketi kuna huduma ya kusambaza, inayoweka nakala kwenye vituo vyake vya karibu; Cloudflare, kwa mfano, wana vituo Nairobi na Mombasa. Msomaji wa kwanza anaisubiri picha itoke mbali, wa pili na kuendelea wanaipata kituoni. Kwa kuwa picha haibadiliki ikishachapishwa, mwambie fundi aweke muda wa kuihifadhi kwenye vituo na kwenye simu za wasomaji uwe mrefu, hata mwaka. Sharti lake ni kwamba ukibadilisha picha, ubadilishe na jina. Ukipandisha nembo mpya kwa jina la nembo ya zamani, wasomaji wataendelea kuona ya zamani kwa miezi.

Majina yenyewe yanastahili adabu. Picha iliyopita WhatsApp huja na jina kama IMG-20240512-WA0031.jpg, na picha elfu tatu za aina hiyo ndani ya baketi hazitafutiki. Kabla ya kupandisha, zipe majina ya herufi ndogo, bila nafasi, yanayosema mahali, jambo na mwaka: mwamishali-mavuno-pamba-2024-01.jpg. Baketi inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo Pamba.JPG na pamba.jpg kwake ni vitu viwili. Na maelezo ya picha yawe na mwaka na wilaya daima. Mkoa wa Simiyu ulianza 2012. Kabla ya hapo Meatu, Maswa na Bariadi zilikuwa Shinyanga, na Busega ilitokea upande wa Mwanza. Picha ya zamani iliyoandikwa "mnada wa Mwanhuzi, Shinyanga" haina kosa, ila bila mwaka kijana atakayeikuta ataisahihisha, na hapo ushahidi wa kwamba ni ya kabla ya 2012 utakuwa umefutwa.

WhatsApp inaharibu zaidi ya jina. Inapunguza picha na kufuta taarifa zilizofichwa ndani yake, kama tarehe ya kupigwa. Bwana shamba aliyeko Mwandoya akitaka kutuma picha za shamba darasa kwa ofisi ya Mwanhuzi, azitume kama dokumenti, zitafika kama zilivyopigwa. Njia nzuri zaidi ni folda ya pamoja ya Google Drive, kwa sababu simu itaendelea kupandisha yenyewe mtandao ukirudi. Drive ina GB 15 za bure, zikijumuisha barua pepe, na kwa kukusanyia picha kutoka vijijini inatosha. Isiwe ndiyo inayoonyesha picha kwa wasomaji. Kwa nini, nimeshaeleza.

Sasa kuna picha za zamani ambazo tayari ziko kwenye seva. Hapa watu hupoteza bando bure. Wanashusha GB 20 kutoka kwenye seva mpaka kompyuta ya Mwanhuzi, kisha wanazipandisha tena kwenda kwenye wingu, na umeme ukikatika katikati wanaanza upya. Picha hazina haja ya kupita Mwanhuzi. Mwombe mwenye seva ruhusa ya kuingia kwa njia ya SSH, na programu ya bure iitwayo rclone, ikiendeshwa kwenye seva yenyewe, itazinakili moja kwa moja kwenda kwenye baketi kwa mtandao wa huko. Wewe unatuma amri tu, kazi inayotumia data ndogo sana. Rclone hulinganisha kilichofika na kilichobaki, hivyo ikikatika unarudia amri ileile na inaendelea pale ilipoishia. Kama mwenye seva hakubali, na lazima zipite kwako, rclone ina mpangilio wa kupunguza kasi kwa saa maalumu: mchana iende taratibu ofisi ifanye kazi, usiku iachiwe itumie bando la usiku lote. Waliofanya kazi wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 wanajua thamani ya programu inayojua ilipoishia.

Kunakili mafaili hakutoshi, kwa sababu habari za zamani bado zinataja anwani za zamani. Baadhi ya programu-jalizi hubadilisha anwani hizo zenyewe ukurasa unapofunguliwa. WP Offload Media, mojawapo ya zinazotumika sana, katika toleo lake la bure huhamisha picha mpya tu. Za zamani zinahitaji toleo la kulipia. Anayetaka kubadilisha mwenyewe kwenye hifadhidata atumie amri ya search-replace ya WP-CLI. Asitumie njia ya kutafuta na kubadilisha maneno moja kwa moja kwenye hifadhidata, maana WordPress huhifadhi mipangilio mingine pamoja na hesabu ya herufi zake, na anwani mpya ikiwa na urefu tofauti mipangilio hiyo huvunjika kimyakimya. Nakala ya hifadhidata ichukuliwe kwanza, ishushwe kwenye flashi. Kisha fungua habari kumi za miaka tofauti, kwa simu, ukiwa hujaingia kwenye dashibodi, uone kama kila picha inafunguka.

Kuna kitufe kinachouliza kama picha zifutwe kwenye seva baada ya kufika kwenye wingu. Usikibonyeze mwezi wa kwanza. Acha mambo yatulie, hakikisha bili ya kwanza imelipika, ndipo ufute.

Yako mambo ambayo hayapaswi kuonekana na umma kabisa, na ndiyo sababu nashauri baketi mbili tangu mwanzo. Ya kwanza ni ya picha zilizochapishwa, na inafunguka kwa yeyote mwenye kiungo cha picha, ingawa orodha nzima ya mafaili haionekani kwa mtu. Ya pili ni ya picha za asili, fomu za ridhaa na chochote ambacho hakijaamuliwa. Hiyo hufungwa kabisa. Amazon tangu Aprili 2023 hufunga baketi mpya zote kwa umma, kwa hiyo picha zako za kwanza zinaweza kukataa kufunguka na kukupa ujumbe wa 403. Watu hupata hasira wakafungua kila kitu. Fungua kile tu kinachotakiwa, kwa kupitia huduma ya kusambaza, na baketi ya asili usiiguse.

Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Taasisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa kujisajili Tume, na kupeleka taarifa hizo nje ya nchi, ambako baketi nyingi ziko, kuna masharti yake. Nawaomba mlichukulie hili kama suala la heshima kabla ya kuwa suala la sheria. Mtoto aliyepigwa picha akiwa na utapiamlo wodini atakuwa mtu mzima atakayetafuta jina lake mtandaoni. Wahadzabe wa ukanda wa Ziwa Eyasi wamepigwa picha na wageni kwa vizazi, na wengi wao hawakuwahi kuulizwa picha zinakwenda wapi. Muulize mtu kwa lugha anayoielewa, Kisukuma kama ndicho, mwonyeshe kwenye simu mahali picha itakapokaa, na andika jibu lake.

Na akirudi siku moja akasema iondoeni? Hapa ufundi na heshima vinakutana. Picha yake moja ni mafaili 8, pamoja na nakala kwenye vituo vya kusambaza. Ukiifuta kwenye habari, bado inafunguka kwa kiungo chake. Ukiifuta kwenye maktaba ya tovuti, inategemea kama programu-jalizi imepangwa kufuta na kule kwenye baketi. Na hata baketi ikisafishwa, kituo cha kusambaza kinaweza kuendelea kuitoa kwa muda ule mrefu uliouweka. Fanyeni zoezi kabla halijahitajika: pandisha picha ya mti, nakili viungo vyake vya vipimo vyote, ifute, kisha jaribu kila kiungo. Kinachoendelea kufunguka kinakuonyesha hatua iliyosahaulika. Andika utaratibu huo, maana siku utakapohitajika mtu atakuwa amesimama mbele yako anasubiri.

Wasomaji wetu wengi wanatumia simu na bando la kupima. Ukurasa wenye picha 12 za MB 4 ni MB 48, na hakuna mkulima wa Mwamishali, kijiji kinachojulikana kwa pamba ya kilimo hai tangu miaka ya 1990, atakayeumaliza. Picha hizohizo kwa upana wa pikseli 1024 ni kama KB 150 kila moja, jumla chini ya MB 2. WordPress inapokea muundo wa WebP tangu toleo 5.8 la Julai 2021, na muundo huo hupunguza uzito zaidi bila jicho kugundua. Jambo la kuhakikisha ni kwamba baada ya kuunganisha wingu, tovuti bado inatoa vile vipimo vidogo. Mipangilio mibovu huishia kutoa picha ya asili kila mahali. Video zipelekeni YouTube na msiumize vichwa.

Wanaosimamia tovuti za halmashauri na ofisi za mkoa wasifungue baketi yoyote kwa uamuzi wao. Tovuti hizo zinaendeshwa kwa mfumo wa pamoja wa Serikali chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, na maswali ya nafasi yapelekwe huko.

Wingu nalo ni jengo la mtu, lenye nyaya na moto unaoweza kuwaka. Machi 10, 2021 kituo cha OVH kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na tovuti zaidi ya milioni tatu zikatoweka hewani. Waliokuwa na nakala yao ya akiba ndani ya kituo kilekile hawakuipata tena. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Picha zilikuwa salama kule ziliko, ila kuzifikia kutoka hapa ilikuwa shida kwa siku kadhaa. Kwa hiyo nunueni diski ya nje ya TB 1, na kila mwisho wa mwezi rclone ivute picha mpya tu za baketi ya asili kuja kwenye diski hiyo. Ikae mahali tofauti na kompyuta ya ofisi. Mara mbili kwa mwaka mtu achague picha tano kwenye diski azifungue, kwa sababu diski isiyofunguliwa hugundulika imekufa siku inapotafutwa.

Mwisho kuna karatasi moja ya makabidhiano, iandikwe na kusainiwa na mkuu wa taasisi. Iwe na jina la kampuni ya wingu na barua pepe iliyofungulia akaunti. Majina ya baketi mbili. Rekodi ya DNS ya anwani ya picha na msajili wa kikoa. Mahali namba za dharura zilipofungiwa. Tarehe ya kikoa kulipiwa, tarehe ya seva, na tarehe ya kadi kuisha. Jina la mwenye diski. Funguo za siri zisiandikwe humo. Mtumishi akipata barua ya uhamisho, aketi na anayempokea, wafungue akaunti pamoja, wabadilishe nywila na laini ya uthibitisho, watengeneze funguo mpya na kufuta za zamani, kisha wapandishe picha moja mpya na kuiona ikifunguka kwenye simu ya yule anayebaki.